Maswali na Majibu: Tarehe 26 Januari ni Sikukuu ya Nani?

Kila Krismasi ikipita, barua kutoka kwa ndugu zetu wa Melbourne, Brisbane, Perth na Adelaide huwa za jambo moja tu: Siku ya Australia, sikukuu ya taifa ya tarehe 26 Januari. Leo najibu chache.

Ni kweli tarehe 26 Januari ndiyo siku Kapteni Cook alipoigundua Australia? (Wasomaji wengi)

Si kweli. Swali hili hurudi kila mwaka, na wengine wanaoliuliza wameshafaulu mtihani wa uraia. James Cook alitua Botany Bay Aprili 1770. Tarehe 26 Januari 1788 ni siku Kapteni Arthur Phillip aliposimika bendera ya Uingereza Sydney Cove, baada ya kuongoza msafara wa merikebu 11 zilizobeba wafungwa zaidi ya 700. Pale aliposimika bendera palikuwa kwa Wagadigal, wenyeji wa pale. Na nchi iliyokaliwa na watu kwa zaidi ya miaka 50,000 haigunduliwi na mtu anayetoka baharini. Tafadhali someni kabla ya kuniandikia.

Nilitoka Kongo, nikakaa kambi ya Nyarugusu miaka mingi kabla ya kuletwa huku. Nimepangiwa kula kiapo cha uraia tarehe 26 Januari. Mwanangu anasema nikienda nawasaliti wenye nchi. Nifanyeje? (Baba, Melbourne)

Baba, kwanza hongera. Uraia ulioungoja kwenye foleni za kambini haupaswi kukutia aibu.

Sasa la vitendo. Zamani halmashauri zilibanwa zifanye sherehe siku hiyohiyo. Mwaka 2017 halmashauri za Yarra na Darebin, zote za hapo kwenu Melbourne, zilipotangaza kwamba hazitaki tena tarehe hiyo, serikali kuu ilizinyang'anya mamlaka ya kuapisha. Desemba 2022 serikali iliyofuata ililegeza: sherehe inaweza kufanyika ndani ya siku tatu kabla au baada. Zipo pia za miezi mingine. Kwa hiyo piga simu halmashauri, omba tarehe nyingine. Wakikukubalia, vizuri. Ikiwa kusubiri kunakuharibia mambo ya pasi au ya kumleta mama, nenda ukaape.

Ila mwanao msikilize. Wewe unajua maana ya mgeni kuja na bendera na karatasi, akasema kuanzia leo mto huu, msitu huu na watu hawa ni mali ya mfalme aliye ng'ambo. Kongo ilimilikiwa na Leopold kwa namna hiyo. Kijana ameyasikia nyumbani kwako, ndiyo maana anayatambua anapoyakuta huku. Unaapa kuwa mwaminifu kwa Australia na watu wake, na Waaborijini na watu wa visiwa vya Torres Strait ndio watu wake wa kwanza. Ukiapa huku ukilijua hilo hujamsaliti mtu.

Hawa Waaborijini si wanalipwa na serikali? Mbona hawaridhiki? Mimi nawaona wamelewa stesheni kila siku. (Msomaji wa Perth)

Ndugu yangu, barua yako imeniuma, na nitaijibu kwa urefu kwa sababu mnaofikiri hivi ni wengi, makanisani na misikitini kwetu, na hata kwenye vikao vya harusi.

Anza na 1789. Mwaka mmoja baada ya bendera, ndui iliwapitia Waaborijini wa Sydney, na Phillip mwenyewe alikadiria kwamba nusu yao walikufa. Nenda 1838. Tarehe 26 Januari ya mwaka huo Sydney ilikuwa mapumzikoni ikisherehekea miaka 50 ya koloni, na siku hiyohiyo askari wa farasi wa Meja James Nunn waliwashambulia Wakamilaroi kwenye kijito cha Waterloo Creek, kaskazini, wakaua watu ambao idadi yao inabishaniwa mpaka leo. Ongeza watoto waliochukuliwa mikononi mwa mama zao kwa amri ya serikali hadi kuelekea 1970, wakalelewa wasijue lugha wala ukoo wao. Serikali iliomba radhi bungeni tarehe 13 Februari 2008 tu. Waliochukuliwa bado wako hai. Yule unayempita stesheni huenda ni mmoja wao, au ni mtoto wao.

Sisi tunaitwa wakimbizi wanaokula misaada, watoto wetu wanaambiwa ni magenge, na tunalia kwamba tumeonewa. Kisha tunageuka na kuyarusha maneno hayohayo kwa mwenye nchi. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Wanangu mnaokulia huku, mkiwasikia wazee wakisema hivyo, wakatazeni kwa adabu, lakini wakatazeni.

Hizi kelele za kuiita 26 Januari "Siku ya Uvamizi" si mambo ya juzi ya mitandaoni? (Kijana, Adelaide)

La. Mwaka 1938 Sydney iliigiza upya kutua kwa Phillip. Waaborijini wa mjini walikataa kushiriki, basi wakaletwa wanaume kutoka Menindee, mbali huko magharibi, wakafungiwa kwenye mazizi ya polisi Redfern mpaka saa ya maigizo ikafika. Siku hiyohiyo viongozi wa Waaborijini, Jack Patten, William Ferguson, William Cooper na wenzao walifanya mkutano wa Siku ya Maombolezo kwenye ukumbi wa Australian Hall, wakidai uraia kamili. Iliwabidi kuingia kwa mlango wa nyuma.

Usiku wa kuamkia 26 Januari 1972 vijana wanne walichomeka mwavuli wa ufukweni kwenye nyasi za mbele ya bunge, Canberra, wakauita ubalozi. Ubalozi huo wa mahema upo hadi leo. Mwaka 1988 makumi ya maelfu waliandamana Sydney, na mwanaharakati wao Burnum Burnum akasimama kwenye majabali ya Dover, Uingereza, akasimika bendera ya Waaborijini na kuitwaa nchi hiyo kwa niaba ya watu wake. Wakati huo hapakuwa na mitandao.

Mbona wapo Waaborijini wanaoitetea tarehe hiyo? (Dada, Brisbane)

Wapo. Seneta Jacinta Nampijinpa Price ni mmoja, na anasikika. Watetezi hukumbusha pia kwamba uraia wa Australia kisheria ulianza 26 Januari 1949, na hilo ni kweli. Hakuna watu duniani wenye kauli moja, hata sisi hatunayo. Lakini nisiambiwe ni mila ya kale: majimbo yote yalianza kupumzika pamoja tarehe 26 yenyewe mwaka 1994 tu.

Si waihamishie 1 Januari, siku ya Shirikisho la 1901? (Msomaji, Darwin)

Siku hiyo tayari ni mapumziko. Na katiba ya 1901 ilisema Waaborijini wasihesabiwe katika idadi ya watu. Kifungu hicho kiliondolewa kwa kura ya maoni ya 1967. Mimi naona tarehe ihame, ila nawaonya wanaodhani shauri litaishia kwenye kalenda. Mkataba wa kitaifa kati ya serikali na wenyeji hawa haupo, na Oktoba 2023 wapiga kura, kama asilimia 60, walikataa hata chombo cha kuwapa sauti ya ushauri bungeni. Wengi wenu mlikuwa na kura siku ile. Mlisoma mlichokipigia?

Tunaweza kuchoma nyama siku hiyo?

Mnaweza. Bendera msizivae.

Nataka kuwapeleka wanangu mahali wakajifunze. Wapi? (Mama wa watatu, Sydney)

Asubuhi kuna sherehe ya kimila ya WugulOra, Barangaroo. Mchana nendeni kwenye tamasha la Yabun, uwanja wa Victoria Park: ngoma, chakula, na wazee wanaozungumza. Ni Januari, jua ni kali, bebeni maji na kofia. Mzee akiongea, watoto wakae chini wanyamaze kama wangefanya kwa babu yao. Msimpige mtu picha bila kumwomba, na msisambaze picha wala jina la marehemu wao. Katika jamii zao nyingi hilo huwaumiza sana wafiwa.