Picha ya dabi kwa AI: anza na rangi, sura za wachezaji acha

Ndugu, kuhusu hiyo picha ya dabi ya Simba na Yanga unayotaka kutengeneza kwa AI (akili bandia) uiprinti kwenye tisheti uuze, inawezekana kabisa ila usiandike jina la mchezaji kwenye maelezo unayoipa AI, maana inaweza kukuletea sura inayofanana naye na yule ni mtu, sura yake ndiyo inamlisha kwenye matangazo. Nembo za klabu nazo ni mali ya klabu, bila ruhusa yao usiuze.

Mi naona utamu wa dabi uko jukwaani, elezea Uwanja wa Mkapa jioni, upande mmoja wekundu na weupe, mwingine kijani na njano, vuvuzela, vumbi la mwanga, mchezaji mmoja anaruka kupiga kichwa tunaona mgongo tu, hapo hata bila sura mtu anaelewa kinachotokea kwa mwili unavyojikunja.

Ukiipost andika wazi imetengenezwa na AI, na tafadhali usitengeneze tukio ambalo halikutokea, penalti au refa anapokea hela, vitu hivyo vinasambaa Whatsapp watu wanagombana kweli. Kabla ya kuprinti kagua vidole na maandishi ya jezi, AI wakati mwingine inaviharibu.