Ukitolewa rovu, ulizia kalsiamu kabla ya kurudi nyumbani

Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini rovu si jambo geni. Kabla chumvi yenye madini joto haijaenea, wengi walikuwa nalo, na wengine walikaa nalo mpaka likawabana koo ndipo wakakubali upasuaji. Mama yangu ni mmoja wao. Alitolewa tezi yote ya shingo, na kidonda kikapona vizuri. Shida ilitokea kwingine, mahali ambapo hatukuwa tumeambiwa tupaangalie.

Nyuma ya tezi ya shingo kuna vitezi, kwa kawaida vinne, kila kimoja kama punje ya mchele. Vinaitwa parathairoidi. Asilimia 99 ya kalsiamu ya mwili imo kwenye mifupa na meno, lakini ile kidogo iliyo kwenye damu ndiyo inayotegemewa na mishipa ya fahamu, misuli na moyo. Ikishuka, vitezi hivi humwaga homoni. Mifupa huachia kalsiamu, figo huacha kuipoteza kwenye mkojo, tena figo hizo hizo huigeuza vitamini D iweze kufanya kazi, ili utumbo ufyonze kalsiamu zaidi kutoka kwenye chakula.

Wakati wa kutoa rovu, vitezi hivyo vinaweza kujeruhiwa, kukosa damu, au kutoka pamoja nalo. Hapo kalsiamu hushuka, mara nyingi ndani ya siku 1 hadi 3.

Kwa mama ilianza na ganzi kuzunguka midomo, kisha vidole vikawa vinamchomachoma. Ndugu waliokuja kumwona wakasema ni baridi ya Juni, na Mbeya mwezi huo baridi ni baridi kweli. Jioni muuguzi akaja kumpima presha. Mkanda ulipokaza na kukaa kidogo, mkono ukajikunja wenyewe: kifundo kikapinda, vidole vikanyooka na kushikana, dole gumba likaingia kiganjani. Yule dada hakupoteza muda. Akamwita daktari, damu ikapimwa, mama akaanza kupewa kalsiamu ya mshipani, taratibu. Namshukuru mpaka leo.

Kwa hiyo ganzi ya midomo au vidole baada ya upasuaji wa shingo ni ya kurudi hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kidonda kinapendeza. Ikiachwa, misuli hukaza, koo linaweza kubana, na mgonjwa anaweza kupata degedege.

Mtaani watakwambia muote jua, mpe maziwa ya Tukuyu, mpe usipa wa Kyela na miba yake. Ni vyakula vizuri na mama anavila. Ila homoni ile isipokuwepo, vitamini D ya jua haigeuzwi vya kutosha kwenye figo. Ndiyo maana pamoja na vidonge vya kalsiamu daktari huandika alfakalsidoli au kalsitrioli, aina za vitamini D ambazo hazihitaji tena hiyo kazi ya figo. Usiziache ukidhani jua litaziba pengo.

Aliyetolewa tezi yote humeza pia thairoksini, yaani homoni iliyokuwa ikitengenezwa na tezi hiyo, kila siku, na kalsiamu huizuia isifyonzwe vizuri. Zipishane angalau saa 4. Mama humeza thairoksini alfajiri kabla ya chai. Kalsiamu huanza nayo kwenye chakula cha mchana.

Dozi usiiongeze mwenyewe. Kalsiamu ikizidi huleta kiu, kukojoa kila mara, choo kigumu, hata mawe kwenye figo. Kipimo cha damu ndicho kinachoamua; kwa watu wazima kiwango cha kawaida ni kama milimoli 2.1 hadi 2.6 kwa lita. Kwa wengi vitezi huamka baada ya wiki au miezi kadhaa na dawa hupunguzwa. Wengine huzitumia maisha yao yote.

Siku ya kuruhusiwa, kabla hamjabeba mablanketi, mwulizeni daktari: vitezi vidogo vimebaki? Kalsiamu imesoma ngapi leo, na itapimwa tena lini? Majibu yaandikwe kwenye daftari la mgonjwa, ili hata mkienda kituo cha afya cha karibu usiku, atakayempokea ajue pa kuanzia.