Mkono Mtupu Haulambwi, Wala Hauchapishwi

Fulana zangu za kwanza za kuchapa kwa skrini, zenye picha ya mkono, nilizipeleka soko la Kibuye hapa Kisumu Jumapili moja, kifua mbele. Mkono ulikuwa unamega ugali. Mama mmoja anayeuza samaki wa kukaanga akakunjua moja, akaitazama, akaniuliza, "Kijana, huyu kwao hawakumfunza? Anakula na mkono wa kushoto!"

Nilikuwa nimezoea kuchonga lino, bamba laini la kuchapia, ambako picha hugeuka ukiibandika karatasi, kwa hiyo mchoro niliugeuza kabisa kabla ya kuanza. Skrini, yaani wavu uliowambwa kwenye fremu, haigeuzi. Rangi hupenya wavu kwenda chini, na unavyouona mchoro ukiwa umesimama na skwiji, ule mpira wa kusukumia rangi, mkononi ndivyo utakavyokaa kwenye kitambaa. Fulana kumi na mbili zikawa za kulalia.

Nikabaki pale sokoni nikimtazama yule mama akiipua sufuria. Sufuria zetu hazina masikio, mnajua. Alikunja vipande viwili vya boksi. Vidole vinne vikalala bapa upande wa nje, gumba likabana ukingo kwa juu, viwiko vikatanuka ili mvuke usimpige usoni. Mimi ningechora vidole vimeizunguka kama kikombe cha chai. Kwa hiyo usichore mkono kutoka kichwani. Tafuta kifaa kwanza, halafu mwombe anayekitumia kila siku akushikie. Msanii Andy Warhol alitoa chapa kumi za skrini za mikebe ya supu kule Marekani mwaka 1968, na hakuna mkono hata mmoja. Mkebe mpya wa dukani unaweza kukaa peke yake; sufuria yenye masizi, kwangu mimi, haiwezi.

Ukishapata mchoro, punguza. Wavu wa 43T, yaani nyuzi 43 kwa sentimita, ambao wengi tunautumia kwa fulana, haubebi kila kunjo la ngozi. Mimi huacha kivuli kati ya vidole na ukucha wa gumba, basi. Rangi nyepesi hutangulia, nyeusi huja mwisho na kuipanda nyepesi kama milimita moja, ili fulana ikisogea kidogo ukucha usiachane na kidole.

Na unapoianika skrini iliyopakwa emulsheni, dawa inayogandishwa na mwanga ili izibe wavu pasipo na mchoro, jua la saa sita la Kisumu lisikudanganye. Jaribu kwanza kwenye kipande cha wavu, ukisogeza kadibodi inayokifunika kila sekunde 30, la sivyo emulsheni itaiva kupita kiasi na kukataa kuoshwa hata penye mchoro.

Juzi nilimpelekea yule mama chapa ya sufuria. Akaishika mbali kidogo, akakunja uso. "Hiyo boksi ni ndogo. Ataungua tu."

Naichora upya wiki hii.