Maumivu ya shingo baada ya mafua: si goita ya kawaida

Pole sana dada kwa kuuguza. Umeuliza kama maumivu ya mbele ya shingo ya mdogo wako, yaliyoanza wiki chache baada ya mafua makali na kupanda hadi sikioni, ni goita, na kwa nini antibayotiki hazimsaidii.

Goita ya kawaida haiumi. Tezi ya thairoidi (ile ya mbele ya shingo inayotengeneza homoni) inayouma ikiguswa, pamoja na homa, jasho na moyo kwenda mbio, inanifanya nifikirie uvimbe wa tezi hiyo unaofuata maambukizi ya virusi. De Quervain, daktari wa Uswisi, aliueleza tangu 1904. Antibayotiki hazina kazi hapo.

Mwombe daktari apime damu: TSH (homoni ya ubongo inayoiamuru tezi), T4 (homoni ya tezi yenyewe) na ESR (kipimo kinachoonyesha uvimbe mwilini). Kwa kawaida TSH hushuka na ESR hupanda sana. Ila nakusihi, TSH ikishuka asikimbilie kupewa kabimazoli, dawa ya kuzuia tezi kutengeneza homoni! Tezi haitengenezi homoni kupita kiasi. Imejeruhiwa, inavujisha ile iliyokuwa akibani. Ibuprofeni hutuliza maumivu, prednisoloni yakizidi. Propranololi hutuliza moyo, lakini kama ana pumu aseme mapema.

Akiba ikiisha, anaweza kuchoka na kuhisi baridi kwa miezi kadhaa. Wengi hupona kabisa, wachache hubaki na upungufu wa homoni, kwa hiyo arudie kipimo kila baada ya wiki 4 hadi 8.

Akishindwa kumeza au kupumua, au ngozi ya shingo ikiwa nyekundu na homa ikazidi, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Huenda ni usaha.