Paka ananimalizia kochi, nimtoe kucha?

SWALI: Habari daktari, natumai uko salama. Naishi Migosi hapa Kisumu na nina paka jike wa karibu mwaka mmoja, tulimchukua kwa sababu panya walikuwa wametushinda na hiyo kazi ameifanya vizuri sana siwezi danganya. Shida ni kochi. Mzee alileta seti mpya kutoka kwa fundi pale Kibuye na saa hii mkono mmoja umetoka nyuzi kabisa, sponji inaonekana. Tumemchapa, tumemmwagia maji, wapi, ukigeuka tu amerudi palepale. Juzi tena akamparura mtoto wangu wa miaka minne wakicheza. Wifi yangu ako Marekani ananiambia huko paka anapelekwa kwa daktari anatolewa kucha na mambo yanaisha, na mzee naye ameshasema, kucha zitoke ama paka atoke. Hiyo operesheni ni salama kweli? Nisaidie, sitaki kumpoteza huyu paka.
Mama Wawili, Kisumu

JIBU: Mama Wawili, salama dada, na asante sana kwa kuuliza kwanza. Usimtoe kucha. Hata ukipata mtu wa kukufanyia, kataa.

Watu wengi wanadhani ni kucha tu inakatwa, labda chini kidogo kuliko kawaida, na sivyo kabisa. Kucha ya paka imeota kwenye mfupa wenyewe, kwa hivyo ili isirudi ni lazima mfupa wa mwisho wa kidole uende nayo. Mguu wa mbele una vidole vitano, miguu ni miwili, hiyo ni mifupa kumi imeondolewa kwa mnyama anayetembea kwa vidole. Shika kidole chako kwenye kile kiungo kilicho karibu na kucha, hapo ndipo kisu kinapita.

Na baadaye sasa. Kuna kutoka damu, kuna kidonda kuingia usaha, kuna wale ambao kipande cha kucha kinabaki na kuota tena ndani kwa ndani, kuna wanaochechemea miaka. Wengine wanaogopa kuchimba mchanga wa choo kwa sababu vidole vinauma, basi wanaanza kukojoa kwenye kapeti na kitandani. Wengine wanageukia meno, na hapo nafikiria huyo mtoto wako, maana jino la paka linaingia ndani na kidonda chake huoza haraka kuliko mparuro. Halafu huyu wako anatoka nje, mbwa wa mtaani akimfukuza atapanda mti na nini? Na hao panya mlimchukulia atawashika na nini?

Wifi yako hajadanganya, Marekani hiyo kitu imefanywa sana, lakini hata huko wanaiacha. West Hollywood kule California walipiga marufuku 2003, jimbo zima la New York 2019, Maryland 2022. Uingereza hairuhusiwi isipokuwa mnyama mwenyewe ni mgonjwa na anaihitaji kama tiba. Hapa Kenya tuna sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inayokataza kumtesa mnyama bila sababu ya lazima, na kwangu mimi kochi si sababu.

Sasa kochi. Paka hakwaruzi kwa hasira wala kwa kukukomoa. Anavua ganda la nje la kucha lililozeeka, ananyoosha mgongo na mabega hasa akitoka usingizini, na anaacha harufu yake maana kwenye nyayo kuna tezi zake. Hiyo haja haiishi kwa kumchapa, atajifunza tu kukuogopa na kungoja uondoke, na ndivyo umeniambia anafanya. Kwa hivyo mpe kitu anachokipenda kuliko kochi, na ukiweke hapohapo kwenye kochi.

Nenda kwa fundi akutengenezee nguzo ya mbao ya kama sentimita 90, paka asimame wima ajinyooshe mpaka mwisho, chini iwe na kitako kipana cha plaiwudi kizito, kwa sababu ikiyumba mara moja hatairudia. Nunua kamba ya katani hadiwea, izungushwe ikibana kutoka chini mpaka juu. Kama pesa imebana tafuta gogo kavu lenye magome, lifungwe lisianguke, paka wengi hulipenda vilevile. Iweke ikigusana na ule mkono ulioharibika, sio kwenye kona ya stoo, watu wengi wanakosea hapo wanaificha halafu wanasema paka amekataa. Mkono wa kochi ufunike na karatasi ya nailoni au ubandike ile selotepu inayonata pande zote mbili, paka hawapendi kunata nyayo. Kila ukimwona ameenda kwa nguzo mpe omena moja saa hiyohiyo, usimshike miguu kumlazimisha. Akishazoea wiki kadhaa, anza kuisogeza kidogo kidogo.

Kucha nazo punguza ncha kila wiki mbili tatu. Mngoje asinzie mapajani, bonyeza kidole taratibu kucha itoke, utaona ndani pana wekundu, huko usiguse, kata ile ncha nyeupe tu. Kikata kucha cha kawaida kinatosha, na akichoka mwachie, vingine mtamalizia kesho. Ikitoka damu bandika unga wa ngano mkavu na ukandamize.

Mtoto asimchezeshe paka kwa vidole, funga kitambaa kwenye kamba avute kutoka mbali. Na akiparurwa tena osha hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kisha mpeleke hospitali waangalie, hasa kama huyu paka hajachanjwa kichaa cha mbwa. Hata huo mparuro wa juzi, kama haukuonwa na daktari, mpeleke leo. Chanjo ya paka pia usiicheleweshe, ni ya kila mwaka, na ukifika kwa daktari wa wanyama uulize kuhusu kumfunga uzazi.

Mwambie mzee angoje kwanza, kochi lisirudi kwa fundi kabla paka hajazoea nguzo. Likirudi, chagueni kitambaa laini kilichobana kama velveti, hicho cha nyuzi zilizolegea ndicho kinamvutia.