Miaka 11 na presi ya tareti: jibu kwa ndugu aliyeuliza kama inadumu

Kaka, swali lako nimelisoma mara mbili kabla ya kujibu. Uko huku Marekani, una rivolva ya .38 Special na bunduki ya .308 ya kuwindia kulungu, unataka kuanza kujaza upya risasi zako nyumbani, na umepata presi ya tareti (mashine ya kazi hiyo yenye kichwa kinachozunguka) ya mitumba kwa bei nzuri. Wenzetu wamekushauri uiache, ununue ile ya kujiendesha yenyewe inayotoa risasi moja kila ukivuta mkono wa mashine. Unauliza: tareti inadumu, au utajuta?

Mimi natumia tareti tangu majira ya baridi ya 2014, hapa Minnesota, kwenye chumba cha chini ya nyumba. Ni moja ile ile, ya chuma kizito, ina matundu sita, na kichwa chake nakizungusha kwa mkono. Nilipoinunua ilikuwa tayari imeshatumiwa na mzee mmoja aliyekuwa anahama. Kwa hiyo kuhusu kudumu jibu ni fupi: chuma hakijachoka. Suala la kujuta ndilo linalotaka maelezo.

Kwa wanaosoma bila kuijua mashine hii: presi ya kawaida ina tundu moja juu, na tundu hilo linakaa kalibu moja, yaani kifaa cha chuma kinacholifinyanga ganda. Ukimaliza kazi ya kalibu hiyo unaifungua, unafunga nyingine, unaanza kuirekebisha upya. Tareti ina sahani ya chuma yenye matundu kadhaa. Lee wanatengeneza ya manne inayojizungusha kila ukivuta mkono, Redding T-7 ina saba, Lyman wana ya nane. Kila tundu lina kalibu yake. Ganda la risasi linabaki pale pale kwenye pistoni, ile nguzo inayopanda na kushuka, kinachozunguka ni kichwa. Kalibu ya kwanza inalirudisha ganda kwenye kipimo chake na kuitoa fataki (kidude cha kitako cha ganda kinachowasha baruti) iliyokwisha kulipuka, fataki mpya inaingizwa mahali pake, kalibu ya pili inafungua mdomo kidogo, halafu baruti, halafu kichwa cha risasi, mwisho kuubana mdomo.

Faida inayotajwa sana ni kasi. Nakwambia kweli, kasi isiwe sababu yako. Mimi kwa saa moja natoa kama 100 za .38, na sijawahi kutamani kuzidi hapo. Faida ninayoithamini ni kwamba kalibu ukishaiweka sawa, huigusi tena. Nina sahani mbili, moja ya .38 na moja ya .308. Kubadilisha ni dakika moja. Kalibu zangu za .38 nyingine sijazifungua toka 2017, na risasi ninayoitoa leo ina urefu ule ule wa ile ya wakati huo. Kwa mtu mwenye kazi na watoto, anayepata saa moja na nusu Jumapili jioni, hilo ni jambo kubwa. Ukiwa na tundu moja, nusu ya saa hiyo inaishia kwenye spana.

Sasa ubaya wake. Kichwa kinachozunguka lazima kiwe na nafasi kidogo ya kuchezea, vinginevyo hakizunguki. Ukikamua ganda la bunduki lenye shingo nyembamba kama .308, yaani kulirudisha kwenye kipimo chake, nguvu ni kubwa, na sahani inainuka kwa unene wa karatasi. Kwa .38 hutaona tofauti. Kwa .308 mimi niliiona: bega la ganda moja linasukumwa nyuma zaidi ya jingine. Dawa yake niliipata baada ya miezi mingi ya kuhangaika na kalipa, kile kifaa cha kupimia urefu. Vuta mkono mpaka mwisho, tulia hapo kwa pumzi moja, ndipo uachie, na kila ganda ulifanye kwa mwendo ule ule. Paka mafuta ya kukamulia kwa kiasi kile kile pia. Mwinuko haukwisha, ila umekuwa wa aina moja kila mara, na kwa kuwinda kulungu hatua 150 hilo linanitosha kabisa. Anayeshindana kupiga shabaha ya mita 900 angenunua presi ya tundu moja, na angekuwa sahihi.

Kuna boliti ya katikati inayoshika kichwa. Ikumbuke sana hiyo. Mwaka wa nne urefu wa risasi zangu ulianza kuchezacheza, robo milimita huku, robo milimita kule. Nikalaumu vichwa vya risasi, nikalaumu kalipa, nikabadilisha betri. Kumbe boliti ilikuwa imelegea taratibu bila mimi kuigusa tangu siku ya kununua. Niliikaza mpaka kichwa kikawa kizito, halafu nikailegeza robo mzunguko, na urefu ukatulia. Tangu hapo kila nikianza kazi naishika sahani kwa vidole na kuitikisa. Pistoni naifuta na kuipaka mafuta ya cherehani, kwa sababu chumba cha chini kiangazi kina unyevu na kutu haibishi hodi. Fataki zilizokwisha kulipuka nyingine hazidondoki kwenye kikombe, zinaruka sakafuni, na vumbi lake linaingia kwenye sehemu zinazosugana. Hilo ndilo linalokula mashine kuliko miaka.

Lakini nilikuja kuandika hasa kwa ajili ya jambo moja lililonipata Februari ya 2016.

Ilikuwa saa nne usiku ya huku, maana yake saa moja asubuhi ya Tanga, na mama huwa anapiga simu wakati huo akishakunywa chai. Nilikuwa nimejaza kama risasi 30 za .38, ganda moja moja kwa mzunguko mzima: kalibu ya kwanza, ya pili, baruti, kichwa, kubana. Simu ikalia nikiwa katikati ya ganda. Nikaongea na mama dakika kumi, mkono mmoja bado uko kwenye mashine. Nilipokata simu nikazungusha sahani, nikaweka kichwa cha risasi, nikabana, nikaendelea. Nilikuwa nimeruka tundu la baruti.

Wiki mbili baadaye uwanjani nilivuta, badala ya mlio nikasikia kishindo kidogo kama mtu aliyepiga kofi kwenye mto. Namshukuru Mungu msimamizi wa uwanja alikuwa nyuma yangu, akapaza sauti nisimame. Fataki peke yake ilikuwa imesukuma kichwa cha risasi mpaka katikati ya mtutu, kikabaki hapo. Kama ningevuta ya pili, risasi nzima ingekutana na kizibo hicho, na mtutu unaweza kupasuka mbele ya uso wako. Tulikitoa kwa kukigonga na fimbo ya shaba. Nilirudi nyumbani, risasi zote za kundi lile nikazivunja moja moja kwa nyundo maalumu ya kung'olea vichwa. Zilikuwa 49. Zote zilikuwa na baruti yake.

Ujue pia kwamba .38 Special ina hatari ya upande wa pili. Ilizaliwa mwishoni mwa karne ya 19, wakati wa baruti nyeusi, ndiyo maana ganda lake ni refu. Baruti ya leo ina nguvu nyingi kwa ujazo mdogo, kwa hiyo kipimo halali kinakaa chini kabisa ya ganda. Ukikosea ukamwaga mara mbili, ganda halifuriki. Linapokea kimya kimya. Kuruka baruti kunakuziba mtutu, kurudia baruti kunapasua rivolva.

Tangu usiku ule naitumia tareti nusu nusu, na huu ndio ushauri wangu wenye uzito kuliko yote niliyoandika hapa. Kalibu mbili za kwanza nazipitisha kwenye maganda yote 50 kwanza. Nayapanga kwenye ubao wa mninga niliotoboa mwenyewe matundu 50, midomo ikiwa chini. Ganda halipinduliwi mdomo juu ila wakati wa kutiwa baruti. Yakishapata yote, nachukua tochi, naangalia safu kwa safu: baruti iwe ipo, na usawa wake ulingane na wa jirani. Kila ganda la kumi nalipima kwa mizani. Ndipo narudi kwenye tareti kuweka vichwa na kubana. Simu inabaki ghorofani. Mama anajua Jumapili asipige, na akipiga anaongea na mke wangu.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaokwambia ununue ya kujiendesha. Mashine ile ni nzuri, rafiki yangu anayo na anapiga risasi mia kadhaa kila wiki, inamfaa. Lakini inafanya mambo manne au matano kwa mkupuo mmoja, na anayeanza hajui bado ni lipi kati ya hayo limekwenda kombo. Kwenye tareti ya mkono unaweza kusimama popote. Unajifunza mkono unavyokuwa mwepesi ghafla fataki inapoingia kwenye tundu lililolegea, unajifunza uzito wa ganda lililopasuka shingo. Mkono wangu umeshakataa maganda mengi ambayo jicho lilikuwa limeyapitisha.

Kipimo cha baruti sikuandikii, na usikichukue kwa mtu yeyote wa mtandaoni. Nunua kitabu cha watengenezaji wa baruti unayoitumia, anza na kipimo cha chini, panda taratibu. Baruti hupimwa kwa greni, na ratili moja ina greni 7,000, kwa hiyo utaona jinsi kosa la mkono lilivyo dogo machoni na kubwa ndani ya ganda. Juu ya meza iwepo kopo moja tu la baruti. Ukimaliza, irudishe koponi siku hiyo hiyo. Iliyobaki kwenye chombo cha kupimia mpaka wiki ijayo huwezi tena kuapa ni ipi, na ukishindwa kuapa, imwage nje kwenye bustani.

Kama una watoto, soma hapa vizuri. Fataki nyingi zina madini ya risasi, yale yenye sumu, na vumbi lake linakaa kwenye maganda yaliyotumika. Mwanzoni nilikuwa nasafisha kwa mashine ya kutikisa yenye magunzi ya mahindi yaliyosagwa, karibu na mahali tunapofulia nguo. Binti yangu alipoanza kutambaa nilijiuliza, nikaenda tukapimwa damu wote wawili. Yake ilikuwa salama, yangu ilikuwa imepanda. CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, mwaka 2021 walishusha kiwango cha kuanza kumfuatilia mtoto mpaka mikrogramu 3.5 kwa desilita, kiasi kidogo mno. Sasa naosha maganda kwa maji na sabuni ndani ya pipa lililofungwa, nina nguo na viatu vya chumba hicho tu, siruhusu chai wala chakula mezani, na nanawa kabla ya kupanda ngazi.

Kwa sheria, hapa Marekani sheria ya shirikisho haidai leseni ukijaza za kwako mwenyewe. Ukianza kuuza, hata kwa jirani, unahitaji leseni ya mtengenezaji. Angalia na ya jimbo lako. Kanuni za NFPA 495, za shirika la Marekani la kujikinga na moto, zinaweka ratili 20 za baruti katika makopo yake ya asili, na fataki 10,000, kama ukomo wa kuhifadhi nyumbani kwa kawaida. Mimi sijawahi kufikia hata robo. Na ninyi mnaosoma mkiwa Kenya au Tanzania, hili lisiwatamanishe kujaribu. Huko kutengeneza risasi bila kibali ni kosa la jinai, siyo burudani ya Jumapili.

Kuhusu kuokoa pesa, usiweke matumaini makubwa. Fataki zilipoadimika kati ya 2020 na 2022 zilipanda bei mara tatu hapa kwetu, na kwa muda hazikuwepo kabisa. Nilichokipata mimi ni risasi ninayoijua ilivyotengenezwa, na hilo lina thamani yake ukiwa umekaa juu ya mti Novemba na kulungu amesimama upande.

Haya, hiyo ya mitumba uliyoipata. Nenda na tochi na kitambaa. Pandisha pistoni mpaka juu, ishike, isukume kushoto na kulia. Ikicheza kwa kuonekana, iache. Zungusha kichwa tundu kwa tundu, kila moja linase mahali pake kwa mlio ule ule. Fungua boliti ya katikati uangalie nyuzi zake, maana wengi waliikaza kwa hasira. Angalia nyuzi za matundu yote, siyo la kwanza tu. Kutu ya juu isikutishe, inatoka kwa mafuta na pamba ya chuma. Muulize kama ana sahani ya pili na mkono wa kuwekea fataki, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyopotea na kuvitafuta ni kazi. Akiwa navyo, lipa uichukue. Picha za sehemu ya chini ya kichwa ukiziweka hapa, nitaziangalia jioni nikitoka kazini.