Mtoto kafika 17 anataka kuendesha? Soma hii kabla hujamkatia bima, kwa wazazi mlioko Uingereza

Wazazi wenzangu mlioko huku Uingereza, hasa nyie mliokuja mkiwa watu wazima tayari na mmeshazoea mambo ya gari ya nyumbani, kabla hata hujashika simu kutafuta bei naomba uelewe jambo moja, huku bima inamfuata mtu. Kwetu Tanzania ukishakata bima ndogo (inayomlipa uliyemgonga tu) ya gari yako binafsi, ile laki na kumi na nane tuliyoizoea, basi gari ina bima, akiendesha mjomba sawa, akiendesha shemeji sawa, mradi ana leseni na umempa ruhusa. Huku sivyo kabisa. Huku wanamuangalia dereva, umri wake, posikodi yake (namba ya posta ya eneo anakoishi), kazi yake, leseni kaipata lini, ameshagonga au hajagonga, na gari yenyewe ni sehemu tu ya hesabu. Ndo maana gari ile ile ambayo wewe unailipia vizuri tu, mtoto wako akiiombea bei anatajiwa hela ya kukutoa jasho, na ndo maana pia huwezi kumpa tu funguo "zunguka hapo mtaani" kama jina lake halipo kwenye bima, hata kama ni kwenda dukani Tesco na kurudi.

Mimi nimepita hii njia na watoto wawili, binti kwanza halafu mdogo wake wa kiume. Kwa binti, kotesheni (bei ya bima unayotajiwa kabla ya kukata) ya kwanza kabisa tuliyopata ilizidi bei ya gari yenyewe tuliyokuwa tunaiangalia, baba yao akasema basi apande basi mpaka afike 25. Lakini tulivyokaa na kuuliza watu na kusoma nikaja kuona kitu kinachopunguza gharama zaidi ya vyote ni mpangilio, yani unaanza na nini halafu kinafuata nini, na wengi wetu tunaanzia mwisho, tunanunua gari kwanza halafu ndo tunatafuta bima.

Kwahiyo anza na lena, yani hatua ya dereva anayejifunza. Leseni ya kujifunzia anaweza kuomba DVLA, idara ya serikali ya leseni, akiwa na miaka 15 na miezi 9, mtandaoni ni paundi 34, ila gari ataendesha akifika 17. Masomo ya kulipia na mwalimu hayakuhusu kwa upande wa bima, gari ya mwalimu ina bima yake inayombeba mwanafunzi. Tatizo ni mazoezi ya nyumbani, na mazoezi ya nyumbani ndo yanayookoa hela maana saa moja ya mwalimu siku hizi si mchezo. Hapo kuna njia mbili. Ya kwanza ni kumuongeza kwenye bima yako wewe kama dereva wa ziada, ya pili ni kumkatia bima yake mwenyewe ya lena juu ya gari yako, ya muda mfupi, kuna za masaa, za siku, za wiki, za miezi. Kampuni kama Marmalade, Collingwood na Veygo zinauza hizi, na nyingine zipo.

Mimi nakushauri hii ya pili, na sababu ni no klemu yako. Ukimuweka mtoto ndani ya bima yako halafu akagonga, klemu, yani dai la kulipwa na bima, ni ya kwako, yale mapunguzo uliyoyajenga miaka yote hiyo kwa kutodai yanaweza kupukutika, na mwakani bei yako inapanda wewe. Akiwa na bima yake ya pembeni, akigonga klemu inaenda kwenye bima yake. Sisi waafrika wengi tumeijenga hiyo no klemu kuanzia sifuri maana kampuni nyingi huku hazihesabu miaka uliyoendesha Dar au Mombasa, sasa uje uipoteze kwa sababu ya zoezi la kurudi nyuma kwenye paking, hapana. Na cha kushangaza bima ya lena ni nafuu kuliko ya mtu aliyefaulu juzi, sababu lena muda wote ana mtu mzima pembeni.

Huyo mtu wa pembeni lazima awe amezidi miaka 21 na awe na leseni kamili kwa miaka 3 au zaidi, tena ya aina ya gari mnayotumia, kama leseni yako ni ya otomatiki tu huwezi kumsimamia kwenye gari ya gia. Baadhi ya kampuni za bima zinataka msimamizi awe na miaka 25 na kuendelea kwahiyo yule kaka yake wa miaka 22 anaweza kuwa sawa kisheria lakini bima yako isimkubali, soma masharti. Vibao vya L mbele na nyuma. Na motowei, zile barabara kuu za kasi, usimpeleke, toka Juni 2018 lena anaruhusiwa motowei ila akiwa na mwalimu aliyesajiliwa kwenye gari yenye pedali mbili za breki, sio na mama wala baba.

Sasa hapa nisikilizeni vizuri. Bima nyingi za lena zinakufa dakika ile ile mtoto anapofaulu mtihani. Sio kesho, sio mwisho wa mwezi. Akitoka pale kituoni na cheti chake mkononi akapanda gari ya nyumbani na kuiendesha, hana bima, na kuendesha bila bima huku ni faini ya paundi 300 na pointi 6 za makosa kwenye leseni papo hapo, mkifika mahakamani faini haina kikomo, na polisi wanaweza kuichukua gari. Halafu kuna sheria ya madereva wapya ya mwaka 1995, ukifikisha pointi 6 ndani ya miaka 2 ya mwanzo leseni inafutwa, unarudi lena, nadharia upya, barabarani upya. Fikiria, unafaulu asubuhi, jioni umepata kosa la kukurudisha ulipoanza! Kijana wangu alipofaulu nilimwambia hongera baba, sasa nipe funguo naendesha mimi, na akanielewa kwa sababu tulishaongea kabla.

Na msishtuke, bei inaruka akifaulu. Jiandaeni kwa hilo wakati bado ni lena, ndo muda mzuri wa kutafuta gari na kupima bei, mtihani wenyewe una foleni ya miezi.

Kwenye gari, gari nyingi huku zimepewa kundi la bima kuanzia 1 mpaka 50, chini ndo nafuu, na unaweza kuangalia kundi lake mtandaoni kabla hujatoa hela. Vijigari kama Hyundai i10, Kia Picanto, Volkswagen Up, Skoda Citigo, Fiat Panda, vile vya injini ndogo vya kawaida, viko huko chini. Ukitaka kujua uzito wake piga kotesheni ya gari mbili zenye bei sawa sokoni, moja Picanto na nyingine BMW ya zamani, mtoto yule yule, anwani ile ile, utaona mwenyewe. Najua sisi tunapenda gari ionekane, na mtoto anataka wenzake wamuone, ila mwambie ukweli kwamba ile BMW ya bei poa anayoiona Facebook ni poa kwa sababu kijana mwenzake kashindwa kuilipia bima. Usinunue gari yoyote kabla hujaiwekea namba yake kwenye kotesheni. Na ikiwa imeongezewa vitu, rimu kubwa, tinti, mafla, lazima useme, na bei inapanda.

Kwenye kupiga kotesheni zenyewe, pita tovuti za kulinganisha zaidi ya moja, Compare the Market, MoneySuperMarket, Confused.com, GoCompare, maana hazitoi majibu sawa, na ufanye wiki tatu hivi kabla ya siku ya kuanza bima, ukiomba bima ianze kesho mara nyingi wanakupandishia, wanakuona mtu wa dharura. Usijidanganye kwamba bima ndogo lazima iwe rahisi. Kwa vijana bima kubwa, inayolipia na gari yako pia, mara nyingi inakuja chini ya ndogo, kwasababu madereva wenye hatari walikuwa wanakimbilia ndogo na kampuni zikaona hivyo zikaipandisha, kwahiyo piga zote uone. Jaribu pia kumuongeza mzazi mwenye rekodi safi kama dereva wa ziada kwenye bima ya mtoto, mradi kweli utakuwa unaiendesha mara moja moja, kwetu sisi hicho peke yake kilishusha bei vizuri. Eksesi, ile hela unayotoa mwenyewe kwanza ukidai, ukiipandisha bei inashuka, ila piga hesabu, ukiweka eksesi ya hiari 500 na kampuni ina ya lazima 400 kwa dereva mdogo, ukigonga unatoa 900 mfukoni kabla wao hawajagusa kitu, na kama gari ina thamani ya 1,500 sasa hapo unadai nini.

Kulipa kwa mwezi ni mkopo, wanaweka riba, kwahiyo bora ulipe mwaka mzima kwa mpigo kama unaweza. Sisi tuliingia mchezo na kina mama wenzangu hapa, nikaomba zamu yangu iangukie mwezi wa bima, nikapokea nikalipa yote. Ni njia nzuri sana kwa sisi wa kipato cha kawaida, hakuna riba na kila mtu anapata zamu yake.

Blaki boksi. Watoto hawaipendi, mimi naipenda. Ni kifaa kinafungwa kwenye gari au programu kwenye simu, kinarekodi spidi, breki za ghafla, kona, saa ngapi anaendesha na maili ngapi. Kwa dereva wa mwaka wa kwanza mara nyingi ndo bei ya chini kuliko zote, na akiendesha vizuri mwakani inashuka tena. Lakini uliza kuhusu usiku, kuna bima zinakushushia alama za uendeshaji au kuongeza hela ukiendesha usiku wa manane, sasa kama mtoto anafanya shifti ghalani anatoka saa saba usiku, hiyo bima sio yake hata iwe rahisi vipi. Binti yangu yeye alikuwa wa mchana tu, ilimfaa kabisa, na kwa kweli ilimfunza kutulia barabarani kuliko maneno yangu.

Sasa niongee lile linalonisumbua moyo. Kuna tabia imeenea kwenye jamii yetu ya baba kujiandikisha dereva mkuu wakati gari ni ya mtoto, analala nayo, anaenda nayo chuo, baba hata funguo hana. Wengine wanatumia anwani ya shangazi anayeishi mji mdogo kwasababu posikodi yake ni nafuu. Watu wanaona ni ujanja wa kawaida, ila huku ni udanganyifu. Akigonga mtu, kampuni inachunguza, inaita majirani, inaangalia gari ililala wapi, halafu kwa sheria ya mwaka 2012 ya bima za watu binafsi ukiwa umedanganya makusudi wanaweza kukataa klemu na hela uliyolipa wasikurudishie, na yule aliyegongwa wakimlipa wanakugeukia wewe wakudai. Majeruhi mmoja tu anaweza kukugharimu nyumba. Na jina likishaingia kwenye rekodi za bima iliyofutwa, mtoto anaulizwa hilo swali kila akiomba bima, "ulishawahi kufutiwa?", bei inamfuata miaka na miaka. Tusiwafanyie watoto hivyo.

Na kuna madalali feki. Wako Instagram, wako TikTok, wako kwenye magrupu yetu ya WhatsApp, wengine wanaongea Kiswahili safi kabisa na salamu nyingi, anakwambia nitumie 300 nakupatia bima ya mwaka. Wanachofanya ni kuchukua bima ya kweli kwa taarifa za uongo, umri umebadilishwa, anwani imebadilishwa, au wanakata halafu wanaifuta baada ya siku chache wanachukua rifandi yao, na wewe una PDF nzuri mkononi. Kijana wa rafiki yangu alisimamishwa na polisi, kamera zao zinasoma namba ya gari, bima hakuna, gari ikaondoka na breakdown, yeye akabaki barabarani na karatasi yake. Ukipewa bima na mtu, hakikisha dalali au kampuni ipo kwenye rejista ya FCA, mamlaka inayosimamia kampuni za fedha na bima, na baada ya siku chache angalia gari yako kwenye tovuti ya MIB, shirika la kampuni za bima za magari, kama inaonekana ina bima, ni bure.

Mengine kwa haraka. Wanaosema binti ni rahisi kuliko kijana, kampuni haziruhusiwi kupanga bei kwa jinsia toka Desemba 2012, wakitofautiana ni kwa mambo mengine. Kozi ya Pass Plus, ya mafunzo ya ziada kwa aliyefaulu, usilipie mpaka uiulize kampuni yako kama inatoa punguzo, nyingi siku hizi hazitoi. Mtoto akitaka kusambaza chakula kwa gari jioni apate hela kidogo, bima ya kawaida haimfuniki hata kidogo, inatakiwa ya biashara hiyo na kwa umri huo ni ghali mno, mwambie mapema. Akienda chuo mji mwingine na gari, wataarifu anwani mpya, akiiacha gari nyumbani waambie pia.

Mwaka ukiisha usiache ijirudie yenyewe. Toka Januari 2022 hawaruhusiwi kumtoza mteja wa zamani zaidi ya wanavyomtoza mpya kwa bima ile ile, ila kampuni ya pili bado inaweza kuwa chini sana, kwahiyo rudi kwenye zile tovuti wiki tatu kabla, mtoto sasa ana mwaka mmoja wa no klemu kwa jina lake. Ombeni uthibitisho wake kwa maandishi na muutunze kwenye imeili, kampuni mpya itautaka.